Damu Nyeusi ya Lori la Andrea

Kijiwe cha Dadi hapa Kikole hakina makuu. Ni ubao mmoja wa mninga uliolazwa juu ya mawe mawili, umeegemea ukuta wa ghala la ufuta, pale njia ya Kivinje inapoachana na njia ya mashambani. Dadi mwenyewe hukaa kwenye kigoda, buli lake la shaba juu ya makaa, vikombe vitano visivyo na mikono vimelala ndani ya bakuli la maji. Kwa hiyo anaitwa Dadi Buli. Mwaka ule wa hamsini na tatu, wenye ubao walikuwa watatu: Kondo, aliyerudi kutoka vita vya Bama, yaani Burma, na hadithi zisizokwisha, wakamwita Kondo Bama, Sebastiani, mpiga kengele wa kigango cha Wakatoliki, ambaye kwa sababu ya sauti yake nzito aliitwa Paroko, na Likwata, fundi pekee wa magari kutoka Kikole mpaka karibu na pwani, jina lake la kijiweni Spana.

Alhamisi moja asubuhi kahawa ilinywewa bila kicheko. Siku kumi na mbili nyuma, Adija, mtoto wa Mama Mwanaima, alishikwa na uchungu, na mkunga akaona mtoto amekaa vibaya tumboni. Akasema apelekwe hospitali ya Kivinje upesi. Lori kijijini lilikuwa moja tu, la Andrea. Likatoka asubuhi, likafika katikati ya mlima, likanyamaza. Watu wakambeba Adija kwa kitanda njia yote iliyobaki. Walifika jua limeinama. Mtoto alitoka hai, wa kike. Adija hakuiona kesho yake. Akazikwa kule kule Kivinje, na kichanga kikabaki mikononi mwa wauguzi.

— Mimi nasema ni ajali tu, alianza Dadi, akimmiminia kila mtu. Siku ikifika imefika.

— Ajali gani, Dadi? aliuliza Kondo. Lori limekufa mlimani na mgonjwa ndani. Siku ya pili Andrea amelirudisha hapa likitembea lenyewe, linanguruma kama simba. Kitu kinakufa jana, leo kinafufuka?

— Aliyefufuka ni mmoja tu, alisema Sebastiani, na hakuwa lori.

— Ndiyo ninachosema, Paroko! Na kuna jingine. Mkunga alikuwa humo garini. Amesema kwa kinywa chake: Andrea alinyoosha mkono, akazungusha ufunguo, injini ikanyamaza. Halikuzimika. Alilizima!

Dadi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyelemewa na mzigo usio wake. Likwata alikiangalia kikombe chake. Yeye alijua kwa nini Andrea alilizima. Andrea alisikia injini ikigonga ndani kama nyundo juu ya fuawe, akaelewa kwamba oili imekwisha, na kama angeendelea hata hatua mia moja vyuma vingeyeyuka vikashikana. Alifanya kama dereva anavyotakiwa kufanya. Kesho yake akaletewa debe la oili kwa baiskeli, akamimina, gari likarudi. Hakukuwa na muujiza. Lakini Likwata hakusema. Alikunywa kahawa.

— Mlima ule una wenyewe, alisema Sebastiani. Babu yangu alilima barabara ile kwa mjeledi wa Mjerumani. Watu walikufa pale, wakafukiwa pembeni bila sala. Wanaopita juu yao kila siku hawasemi hata hodi. Mwenda pole hajikwai.

— Hiyo methali umeitoa wapi, Paroko? alisema Dadi. Yule binti hakuwa na nafasi ya kwenda pole.

Sebastiani aliinamisha kichwa. Alijua amekosea.

— Acheni mambo ya mifupa, alisema Kondo. Sauti yake ilishuka, naye akaangalia njiani kama kuna anayesikiliza. Niwaulize. Gari lile kila liliposimama hapa, si lilikuwa linadondosha kitu cheusi? Tone, tone, tone. Mchanga wote pale mbele ya ghala umekuwa mweusi.

— Oili hiyo, alisema Likwata.

— Oili! Andrea alilinunua wapi gari hilo? Lindi. Kwa nani? Kwa Wazungu wa karanga, mradi ulipovunjika. Gari zima la kazi, mtu analiuza kwa furaha? Mimi nimekaa Bama miaka miwili, nimeona mengi. Damu ikikaa juani inageuka nyeusi. Ile ni damu, jamani. Gari lile linakunywa watu. Andrea amepewa na masharti yake. Linapokuwa na njaa linasimama lenyewe, au yeye analisimamisha. Mumiani hawana pembe. Ni watu kama sisi.

— Astaghfirullah, alisema Dadi.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Kondo. Hizo tone tone ndizo zilizojaza kaburi.

Likwata aliweka kikombe chini.

— Kondo, mimi ndiye fundi wa gari lile. Nakwambia ni oili.

— Wewe? Kondo alimgeukia, si kwa ubaya, kwa mshangao tu. Spana, si wewe uliyekaa ubao huu huu mwezi jana ukatuambia umeliziba? Ulisema, na Dadi shahidi, gari la Andrea halitavuja tena mpaka wajukuu zetu waote ndevu. Tukakupigia makofi. Basi kama fundi kama wewe umeziba oili, kinachotoka si oili.

Likwata alitazama mchanga mweusi mbele ya ghala.

Ilikuwa kweli, ndivyo alivyosema. Mbele ya injini, pale mhimili wake unapotokeza nje kuzungusha feni, kuna pete ya mpira ambayo mafundi huiita sili. Kazi yake ni kuukumbatia mhimili ule unapozunguka, oili isipite. Sili ya gari la Andrea ilikuwa imezeeka kwa joto, imekauka kama kigae, mdomo wake umepasuka. Likwata aliitoa. Akajua inatakiwa mpya. Badala yake akachukua ngozi ya ng'ombe, akaikata mviringo, akailoweka siku tatu kwenye mafuta ya nyonyo, akaipachika mahali pa mpira. Ngozi ikakaa. Matone yakakoma. Watu wakaja kuitazama kazi, wakasema fundi huyu angezaliwa Ulaya angetengeneza ndege. Yeye akacheka, akakubali. Wiki ya tatu aliona tone la kwanza limerudi. Alimwambia Andrea, "Ni yale ya zamani tu yanajikausha." Hakutaka kijiwe kijue.

— Sasa, alisema Kondo, kesho baada ya sala ya Ijumaa tunakwenda kwa Jumbe. Akikawia, vijana wameshakusanya kuni. Litaungua lori, na kama nyumba ya Andrea iko karibu mno na lori, hilo ni shauri la nyumba.

— Genoveva yumo mle na watoto, alisema Dadi.

Genoveva alikuwa mke wa Andrea. Jana kisimani wanawake walimvunjia mtungi, naye akarudi nyumbani amelowa, bila maji. Andrea alikuwa hajatoka nje, siku ya nne sasa.

— Yumo, alisema Kondo. Halafu akajifuta mdomo, kama aliyesikia neno lake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo Mama Mwanaima alipotokea kwenye njia ya mashambani. Alikuwa amejitanda kaniki, anatembea kwa fimbo, mguu wa kushoto umevimba tangu siku ile aliyotembea nyuma ya kitanda cha mwanawe. Wanaume wote wakasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Kaeni.

Hawakukaa. Dadi alimpisha kigoda chake. Mama Mwanaima hakukaa pia. Aliegemea fimbo.

— Nimeletewa salamu kutoka Kivinje, alisema. Surua imeingia wodini. Wauguzi wanaogopa kwa ajili ya mtoto, wanasema nikamchukue kabla ya Jumapili. Baba yake yuko Tanga kwenye mkonge, barua haijamfikia. Malori ya mazao hayaji mpaka mwezi ujao. Mguu wangu huu mnauona. Sasa nyinyi wanaume mnaokaa hapa kila siku mnayajua mambo ya magari. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Lori la Andrea litanifikisha?

Sebastiani alimwangalia Kondo. Kondo aliangalia makaa.

— Mama, alisema Kondo hatimaye, gari lile, sisi tulikuwa tunasema kwamba lina...

— Sikuuliza lina nini, baba. Nimeuliza kama litanifikisha Kivinje na kunirudisha na mtoto.

Dadi, kwa kutojua la kufanya, aliinua buli ampe mgeni kahawa. Yakatoka machicha. Akaliweka buli chini taratibu.

— Halitakufikisha, mama, alisema Likwata.

Wote walimgeukia.

— Halitakufikisha kama lilivyo. Linavuja oili mbele. Si damu. Ni oili ninayoimimina mimi kwa mikono yangu. Kuna pete ya mpira imekufa, na mimi nikaweka ngozi mahali pake. Ngozi haiwezi kazi ile. Ilishika wiki mbili, ikaungua, ikaanza kupitisha. Siku ile Andrea alipoondoka na Adija, njiani ikaachia kabisa. Andrea alizima gari kwa sababu oili ilikwisha. Asingezima, lingekufa moja kwa moja. Hana kosa hata la ukucha.

— Wewe ulijua? aliuliza Mama Mwanaima.

— Nilijua inavuja. Sikujua itaachia siku ile.

— Andrea alijua?

— Aliniuliza. Nilimwambia hakuna neno.

Sebastiani alifanya ishara ya msalaba bila sauti. Kondo alikuwa amekaa chini, mikono juu ya magoti.

— Huo mpira unaotakiwa, alisema Mama Mwanaima, unapatikana Ulaya tu?

Likwata alitamani kusema ndiyo. Angetoa chochote swali hilo liwe na jibu jingine.

— Hapana, mama. Kwenye shamba la mkonge, karibu na Kivinje. Fundi wa pale ana magari ya aina hiyo hiyo. Anazo kabatini.

— Ni mbali?

— Kwa baiskeli unatoka asubuhi, jioni umerudi.

Mama Mwanaima alilitafuna jibu hilo. Midomo yake ilicheza kidogo, kama anayehesabu tasbihi.

— Siku moja, alisema.

— Siku moja, mama.

Hakupiga kelele. Pengine angepiga kelele ingekuwa afadhali. Aliikita fimbo mchangani akageuka kuondoka, halafu akasimama, akiwa amewapa mgongo.

— Nenda kaulete. Na kesho hayo uliyoniambia utayasema mwenyewe kwa Jumbe, watu wote wakisikia. Mimi sina kinywa cha kukubebea.

Likwata hakupita hata nyumbani. Alichukua baiskeli ya Dadi, akateremka njia ya Kivinje jua likiwa bado halijawa kali. Mlimani alishuka, akaisukuma. Pale gari liliposimama palikuwa na doa jeusi pana barabarani, na pembeni majani yamelala, mahali kitanda kilipowekwa chini watu wabadilishane mabega. Alipita bila kusimama. Hakuwa na haki ya kusimama pale.

Fundi wa mkonge alimpa sili mbili ndani ya karatasi ya nta, laini, nyeusi, zinanukia mpira mpya. "Chukua mbili," alisema. "Moja weka, nyingine ining'inize ukutani uione." Likwata hakumweleza kitu. Labda habari ya lori kufa mlimani ilikuwa imemtangulia.

Ijumaa kwa Jumbe watu walijaa mpaka nje ya ua. Likwata alisimama katikati, akasema yote: ngozi, makofi ya kijiweni, tone la kwanza lililorudi, jibu alilompa Andrea. Alizungumza akiwa ameshika ile pete ya ngozi, imeungua, imekunjamana kama sikio la mbuzi. Mjomba wa Adija alimtemea mate miguuni. Likwata hakuyafuta. Vijana wa kuni walitazamana. Mmoja akauliza, "Basi ile nyeusi si damu?" na Jumbe akamjibu, "Umesikia au hukusikia? Mkileta moto kwa Andrea mtaanza kwangu." Ndipo Andrea, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na mkewe, akaficha uso kwa mikono miwili, akalia mbele za watu. Siku zile zote alikuwa ameanza kujiuliza kama kweli yeye ni muuaji asiyejijua.

Watu walipotawanyika, Kondo alikwenda kwa Genoveva na mtungi mpya kichwani, yeye, mwanaume mzima, askari wa Bama. Aliuweka mlangoni. Alipofungua mdomo aeleze, Genoveva aliuingiza mtungi ndani na kufunga mlango.

Kazi ilianza alasiri hiyo hiyo. Andrea alikuja na funguo, hakusalimia, akalala chini ya gari akaanza kulegeza nati. Walifanya kazi bega kwa bega kama watu wawili waliokutana njiani. Sebastiani alisaidia kushusha rejeta, tangi la maji ya kupozea injini. Wakatoa feni, wakatoa puli inayoshika mkanda wake, wakafungua mfuniko wa mbele. Likwata alisafisha mhimili kwa kitambaa na mafuta ya taa mpaka ukang'aa. Akaupitishia kidole polepole. Ukucha wake ukanasa kwenye mfereji mwembamba, ambapo ngozi na mchanga wa barabara vilikuwa vimeukwaruza. Akaupiga msasa laini, akapima tena. Kisha akachukua sili mpya, akapaka mdomo wake oili kwa kidole, usije ukaungua siku ya kwanza. Aliiweka ndani zaidi kidogo ya pale ya zamani ilipokaa, ili mpira ushike chuma kizima. Akaipigilia kwa kipande cha mti, juu, chini, kulia, kushoto, kidogo kidogo, isiingie upande.

— Imekaa? aliuliza Andrea. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Zamani Likwata angesema imekaa mpaka wajukuu waote ndevu.

— Nadhani imekaa, alisema. Tutajua mlimani. Kesho nakuja nanyi, na debe zima la oili. Ikivuja tone, tutasimama.

Andrea alirudi chini ya gari kukaza nati.

Jumamosi asubuhi Mama Mwanaima alipandishwa mbele, pembeni mwa dereva. Romana, jirani yake anayenyonyesha, alikaa nyuma juu ya gunia ili mtoto apate ziwa njiani wakati wa kurudi. Watu walisimama barazani kwao wakitazama. Hakuna aliyewapungia mkono, na hakuna aliyewazuia. Kijiweni Dadi alikuwa amesimama na buli mkononi bila kummiminia mtu, Sebastiani amevua kofia. Kondo alikuwa peke yake kwenye ubao.

Likwata alikaa nyuma na Romana, debe la oili katikati ya miguu. Njia nzima alisikiliza. Alisikiliza injini kama mtu anavyosikiliza pumzi za mgonjwa wake. Mlima ulipoanza, Andrea alishusha gia, gari likalia, likapanda. Wakalipita lile doa jeusi. Mbele, kupitia dirisha dogo la nyuma ya kiti, aliona kichwa cha Mama Mwanaima kikigeuka kutazama majani yaliyolala pembeni, kikakaa hivyo mpaka kona ikayaficha.

Kileleni Andrea alisimama. Likwata aliruka chini, akaingia chini ya gari kwa mgongo, akapeleka mkono mbele ya injini, kwenye kingo za mfuniko, chini ya puli, akapapasa kote kwenye joto lile. Alikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alikwenda dirishani kwa Mama Mwanaima akaunyoosha mkono mbele yake, kiganja juu. Ulikuwa na vumbi. Ulikuwa mkavu.

Mama Mwanaima aliutazama mkono ule. Aliutazama kidole kwa kidole.

— Siwezi kukusamehe leo, Likwata, alisema. Usiningojee nifanye hivyo. Panda. Mtoto hajanyonya.

Likwata akapanda. Andrea akaachia breki, na lori likaanza kuteremka kwenda Kivinje.